Sura ya 6: Fedha Zinazobaki Maji Yakiondoka

Barabara ya kutoka Malindi kwenda Lamu huuvuka Mto Tana penye Garsen, na hapo ndipo mwaka unapojulikana ulivyo. Mvua zikikosekana, mto hushuka hadi mchanga ukaonekana, na mifugo hufika kutoka mbali ikifuata nyasi za delta. Zikizidi huko milimani, maji hutambaa nje ya kingo, barabara humezwa pande za Idsowe na Lango la Simba, mabasi ya Lamu hulala njiani, na mwenye mtumbwi ndiye anayepanga nauli. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2023, mvua za El Niño ziliposhuka juu ya ardhi iliyokuwa imepitia misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha. Ikawa hivyo tena Aprili na Mei 2024. Kuna familia zilizopoteza ng'ombe kwa kiu mwaka 2022, na mwaka uliofuata zikapoteza mahindi kwa maji.

Nyakati kama hizo misaada hufika. Msalaba Mwekundu huleta turubai na dawa ya kutibu maji, serikali huleta unga na maharagwe, wanasiasa huja na wapiga picha. Hakuna anayebeza unga mbele ya mtoto mwenye njaa. Lakini baada ya miezi michache magari yenye nembo hayaonekani tena, na inabaki kazi ambayo haina sherehe ya uzinduzi: kuzibua mifereji iliyojaa matope, kutafuta mbegu, kupatana upya kuhusu njia za mifugo kwa sababu mto umehama, kumshawishi jirani asilime ukingo uliopasuka. Kazi hiyo huchukua miaka. Fedha za miradi huwa na kalenda yake, nayo hupangwa mbali na Garsen.

Hoja ya sura hii ni moja. Delta ya Tana imepata miradi mingi. Ilichokosa ni fedha zinazobaki, zinazoamuliwa na watu wanaobaki. Chombo kinachoweza kuzishika fedha hizo ni wakfu wa jamii. Tuone ni chombo cha namna gani, kinaweza nini, na wapi mkono wake haufiki.

Mto mmoja, hesabu mbili

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000. Unaanzia Nyandarua na Mlima Kenya, unapinda kupita Garissa na Hola, kisha unatandaa kuwa delta kabla ya kuingia Bahari ya Hindi penye Kipini. Kati ya chanzo na delta kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga lililokamilika 1981, na Kiambere la 1988. Maji ya Nairobi nayo, karibu yote, hutoka kwenye vijito vya Tana ya juu.

Waliokaa juu ya mto wamekwisha kupiga hesabu yao. Machi 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, wa kwanza wa aina yake barani Afrika, chini ya uongozi wa shirika la The Nature Conservancy. Wazo lake ni rahisi. Mkulima wa Murang'a au Nyeri akipiga matuta, akapanda ukanda wa nyasi za matete na kuchimba kidimbwi cha kuvuna maji, udongo wake haushuki mtoni. Udongo usiposhuka, bwawa halijai matope na kusafisha maji ya mjini hakugharimu sana. Kwa hiyo anayefaidika mjini achangie gharama za anayetunza shamba mlimani. Kampuni ya maji ya Nairobi, KenGen inayozalisha umeme, Coca-Cola na kampuni ya bia ya EABL zote ziliketi kwenye meza hiyo. Uchambuzi uliofanywa kabla ya uzinduzi ulikadiria kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa zingeleta faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Mfuko ukasajiliwa kama amana ya Kenya, yenye mtaji wa kudumu.

Ni kazi nzuri. Ila ramani yake inaishia mabwawani, na mto hauishii hapo. Anayeishi chini ya mabwawa ana hesabu ya pili. Kwake gharika ya wastani ni neema: ndiyo inayolowesha mashamba ya mpunga ya Wapokomo, inayostawisha nyasi ambazo Waorma na Wawardei huzitegemea kiangazi, inayojaza maziwa ambamo samaki huzaana. Mabwawa yamepunguza gharika hizo za wastani. Gharika kubwa hayawezi kuizuia, maana Masinga likijaa hufurika, na maji hushuka kwa watu ambao hawakushauriwa. Mradi wa bwawa la High Grand Falls, unaozungumzwa kwa miaka mingi na ambao ungekaa chini ya Kiambere, unaifanya hesabu hii ya pili kuwa nzito zaidi.

Mtu wa Ngao au wa Kipao, vijiji vya delta, hana kampuni ya bia ya kumsemea. Ili aketi kwenye meza ya mabwawa akiwa na takwimu zake, mwanasheria wake na nauli yake ya kwenda na kurudi, mtu lazima alipe. Asipolipiwa na chombo chake mwenyewe, atalipiwa na mwenye ajenda.

Chombo chenyewe

Wakfu wa jamii wa kwanza ulioitwa hivyo ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914 na mwanabenki Frederick Goff. Aliona watu wakiacha wosia wa mali kwa ajili ya shida ambazo baada ya miaka hamsini hazikuwepo tena, huku shida mpya zikikosa senti. Akapendekeza mali hizo ziwekwe pamoja chini ya kamati ya wenyeji, nayo iamue kila mwaka faida iende wapi.

Mtu wa pwani yetu hahitaji kwenda Cleveland kulielewa jambo hilo. Tangu zamani mwenye duka au shamba la minazi amekuwa akiliweka wakfu: mali haiuzwi, hairithiwi, na pango lake huutunza msikiti, madrasa au mayatima. Kenya hata ina Tume ya Wakfu iliyowekwa kisheria kusimamia mali za namna hiyo. Na mfugaji anaielewa haraka zaidi, kwani mtaji wa kudumu ni kama ng'ombe wa maziwa: unakunywa maziwa, humchinji.

Kwa Kenya, chombo cha kisasa cha aina hii kilianza mwaka 1997, ilipoundwa Kenya Community Development Foundation, KCDF, kwa kuungwa mkono na Ford Foundation na Aga Khan Foundation. Tofauti yake na shirika la kawaida la misaada ni kwamba huzitaka jamii zichange kwanza, kisha huongeza juu ya mchango wao, na huzisaidia kujenga mfuko wao wenyewe unaowekezwa. Mwaka huohuo wa 1997 mvua za El Niño zilianza kubomoa kingo za mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, katika delta, mradi uliojengwa kwa mamilioni. Serikali iliweza kujenga ukuta. Ilichokosekana ni fedha na mamlaka ya mahali hapo ya kuutunza na kuujenga upya ulipovunjika.

Tupige hesabu ili tusidanganyane. Tuseme wakfu wa delta umekusanya shilingi milioni 60 na kuziweka kwenye hati fungani za serikali zinazolipa asilimia 12 kwa mwaka. Faida ni milioni 7.2. Nusu yake irudishwe kwenye mtaji ili mfumuko wa bei usiule. Inabaki milioni 3.6 ya kutumia. Eneo bunge la Garsen lina wadi sita, kwa hiyo kila wadi inapata shilingi 600,000 kwa mwaka.

Laki sita hazijengi daraja wala hazilipi fidia ya mafuriko. Anayeahidi hayo anatafuta kura. Lakini laki sita za kila mwaka, bila kuomba upya, kwa miaka ishirini, hufanya mambo ambayo milioni mia moja za miaka miwili hazikuweza. Akiba haiozi, na hapa haiozi kwa maana ya kiuchumi kabisa.

Malka na kiganja cha maji

Jambo la kwanza ni amani ya ardhi, kwani katika delta huwezi kuitenganisha na tabianchi. Malka ni njia ya mifugo kupita katikati ya mashamba hadi mtoni. Ukame ukibana, mkulima hulima hadi ukingoni kabisa kufuata unyevu, na mfugaji huleta ng'ombe walewale mahali palepale. Malka ikizibwa na mahindi, ng'ombe huingia mahindini. Kinachofuata tumekiona. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano kati ya jamii za delta, 52 kati yao katika kijiji cha Reketa peke yake, asubuhi moja ya Agosti. Maji na malisho havikuwa sababu pekee; siasa za uchaguzi na ardhi zilichochea. Lakini kuni zilikuwa hapo tayari.

Kabla ya hapo delta ilikuwa imegawanywa kwenye makaratasi: mashamba ya miwa, mbono wa kutengeneza mafuta, makampuni kutoka nje. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu iliagiza mipango ya matumizi ya ardhi ifanywe kwa kuwashirikisha. Shirika la Nature Kenya na wengine wakasaidia, vijiji vikakaa, na kufikia 2015 delta ilikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi unaotenga maeneo ya kilimo, ya malisho na ya hifadhi. Tayari mwaka 2012 delta ilikuwa imeingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600.

Mpango ukishachapishwa, nani anautembeza? Fikiria malka moja tu. Mto umejisogeza kuingia mkondo mpya, jambo ambalo Tana hufanya mara kwa mara, na malka ya zamani sasa inaishia kwenye mchanga mkavu. Lazima waitwe wazee wa Gasa, baraza la kimila la Wapokomo, waitwe wazee wa Waorma, waitwe wenye mashamba ambayo malka mpya itayakata, na wanawake wanaoteka maji pale pale ng'ombe wanapokunywa. Wote watembee njia hiyo kwa miguu, asubuhi kabla ya jua kali. Watabishana juu ya mwembe mmoja: uko ndani au nje? Itahitajika chai, chakula cha mchana, mafuta ya boda boda, vigingi vya saruji, rangi, na barua kwa chifu. Kisha warudi msimu ujao kuona kama vigingi vingali vimesimama. Ni shilingi chache mno kwa mfadhili mkubwa kuziandikia ripoti, na hazikai vizuri katika bajeti ya kaunti. Kwa wakfu wa jamii ndizo hasa za kuanzia.

Jambo la pili liko chini zaidi, Ozi, karibu na mdomo wa mto. Huko mashamba ya mpunga hunyweshwa kwa ujanja wa kale: bahari ikijaa, husukuma maji matamu ya mto kurudi nyuma hadi yakapanda mashambani. Mto ukiwa na nguvu, ujanja huo ni bure na hauhitaji pampu. Mto ukidhoofika, kinachopanda ni chumvi. Kinga kiganja, onja: ulimi ndio kipimo cha kwanza, na mara nyingi unapokwambia, miche imekwisha kunywa. Usawa wa bahari unapanda, maji ya mto yanapungua kiangazi, na mkondo wenyewe huhama. Ozi inahitaji vipimo vya chumvi vya bei nafuu, vijana wa kuvisoma kila siku bahari inapojaa, daftari la miaka kumi, na majaribio ya mbegu zinazovumilia. Taasisi za utafiti zinaweza kuleta utaalamu. Daftari la miaka kumi linahitaji mtu anayelipwa kidogo, kila mwezi, kwa miaka kumi.

Daftari hilo ndilo litakalobebwa kwenye meza ya mabwawa. Anayesema "tunaumia" husikilizwa kwa adabu. Anayeonyesha tarehe, kiwango cha chumvi na kiasi cha maji kilichoachiliwa juu huandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Kuvuka mipaka ya kaunti

Kaunti ya Tana River ina watu 315,943 kwa hesabu ya 2019, wametawanyika kwenye eneo kubwa kuliko kaunti nyingi za bara. Imo katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani pamoja na Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu na Taita Taveta. Imo pia katika baraza la kaunti za mpakani na kaskazini, pamoja na Garissa, Isiolo na nyinginezo. Mantiki ipo kotekote: kwa bahari na mikoko ndugu zake ni Lamu na Kilifi, kwa ukame na mifugo ni Garissa. Lakini vikao vya magavana huenda na magavana, na uchaguzi ukipita, ajenda hubadilika.

Tabianchi haikusubiri. Mifugo ya Garissa na Ijara hushuka delta, mafuriko huanzia Murang'a, na ng'ombe wa Garsen hukimbilia Witu, upande wa Lamu. Bajeti ya kaunti haiwezi kwa urahisi kulipia kikao kilicho nje ya kaunti, wala haiwezi kuchimba kisima cha mifugo upande wa jirani ili kupunguza msongamano upande wake. Wakfu unaweza. Unaweza kutoa ruzuku moja kwa kamati mbili za kaunti mbili kwa sharti kwamba zitie saini waraka mmoja.

Serikali nayo imefungua mlango. Kenya ilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2016. Isiolo, kisha Makueni, Wajir, Garissa na Kitui zilijaribu mifuko ya kaunti ambayo sehemu kubwa ya fedha zake iliamuliwa na kamati za wadi. Majaribio hayo ndiyo yaliyozaa mpango wa kitaifa wa fedha za tabianchi, FLLoCA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na washirika wengine. Kamati ya wadi huchagua kisima, josho au mfereji, na kaunti hulipa. Kazi ya wakfu hapa ni kujaza mapengo: kumlipa fundi wa kuandaa michoro kabla ya fedha za kaunti kutoka, kuwafunza wanakamati kusoma bajeti, kukarabati pampu mwaka wa tatu ambapo mradi umekwisha na mkandarasi hapokei simu.

Kuna fedha nyingine zinazobisha hodi. Marekebisho ya sheria ya tabianchi ya mwaka 2023 yanataka miradi ya kaboni ya ardhini iipe jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato yake ya mwaka, baada ya gharama kutolewa. Delta ina mikoko, misitu ya kando ya mto na ardhi oevu, wanunuzi watakuja. Gazi, huko Kwale, walionyesha njia: mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza kaboni ya mikoko mwaka 2013 kwenye hekta 117 tu, umelipia maji na vifaa vya shule, na wanakijiji huyaona mapato yakitumika. Vanga wakafuata. Mahali penye vijiji vichache jambo hilo linawezekana kwa kamati ya vijiji. Katika delta yenye jamii zaidi ya tano, inayogusa kaunti mbili, asilimia 40 isiyokuwa na mahali pa kukaa itakuwa ugomvi mpya juu ya ule wa malka. Heri chombo kitangulie fedha.

Panapovuja

Hatari ya kwanza ni wakfu kugeuka wa ukoo mmoja. Bodi ikijaa Wapokomo peke yao au Waorma peke yao, kila ruzuku itasomwa kama uchokozi, hata ikiwa ni ya kisima. Viti vigawanywe kwa katiba, pamoja na vya Wawardei, Wagiriama, Wabajuni na Wasanye ambao mara nyingi husahauliwa, na vya wanawake visiwe vya kupasha moto tu. Fedha zisitoke bila saini za pande mbili. Orodha ya waliopewa na kiasi chao ibandikwe ukutani kwa chifu na kusomwa kwenye baraza, msikitini na kanisani.

Ya pili ni serikali kujificha nyuma ya wakfu. Barabara ya Garsen, kingo za mto, tahadhari ya mabwawa kufurika: hayo ni madeni ya serikali na mashirika yake. Wakfu unaoanza kuyalipa unayafuta. Ruzuku yake bora katika eneo hili ni ile inayomwezesha mwananchi kulidai deni.

Ya tatu ni uvivu wa kuchangisha. Ni rahisi kumwandikia mfadhili wa Ulaya na kuacha hapo. Lakini kila mkazi wa Tana River akitoa shilingi 100, zinapatikana takriban milioni 31.6, zaidi ya nusu ya ule mtaji tuliopigia hesabu. Wengine watatoa mbuzi, wengine gunia la mpunga, wengine hawana. Anayetoa shilingi mia ana haki ya kuuliza, na wakfu unaoulizwa na watu elfu kumi ni vigumu kuibwa. Wenye maduka Garsen na Minjila, wana wa delta walio Mombasa na Nairobi, vyama vya wafugaji: hao ndio wa kwanza kugongewa mlango. Baada yao, na hapo tu, wagongewe wanaokunywa maji ya mto huu na kuwasha taa kwa nguvu zake. Mfuko wa juu ulikwisha kukubali kwamba anayefaidika na mto achangie utunzaji wake. Delta haihitaji kubuni kanuni mpya. Inahitaji kuidai itekelezwe hadi Kipini.

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024, inatoa mlango wa kusajili chombo kama hiki. Makaratasi hayo ni ya mwisho. La kwanza ni wazee wa malka moja, wa pande zote mbili, kukubali kufungua akaunti moja na kutia humo fedha zao wenyewe. Wakfu unaoanza na malka tatu na milioni mbili, ukazitunza hadharani kwa miaka mitatu, utakuwa na hoja mbele ya kaunti, mbele ya KenGen na mbele ya mnunuzi wa kaboni. Ule unaoanza na jengo na gari utakuwa mradi mwingine, nao utaondoka pamoja na maji.